Mgeni Asiye na Uso

Vijana wangu, hasa ninyi mnaokuja kwangu kila mwisho wa mwaka na simu zenu kupiga picha sanamu za zamani za Noeli, leo nimeamua kuwaandikia. Nimechoka kujibu swali lile lile mlangoni nikiwa na mwiko mkononi. Mwaka huu nyote mnauliza jambo moja: "Bibi, hii ya dirishani mbona haina uso? Fundi alikufa kabla hajaimaliza?" Mmoja wenu, kijana mpole anayesoma chuo kule Nyegezi, alijitolea kuimalizia. Alisema akiiwekea macho na pua, wanaokusanya vitu vya zamani wataigombania. Nilimpokonya sanamu kwa nguvu mpaka akarudi nyuma, na baadaye nikamwonea huruma, maana hakujua alichokuwa amekishika.

Sanamu hiyo imekamilika. Niliipiga msasa na kuipaka rangi kwa mikono yangu mwenyewe. Nitawaeleza kwa nini haina uso, lakini mnivumilie, kwa sababu siwezi kuieleza bila kuieleza kazi yenyewe, na siku hizi kichwa changu hakitulii. Mwanangu wa mwisho, Respi, alikwenda Afrika Kusini kutafuta kazi, na tangu masika simu yake haipatikani. Naosha vyombo namuwaza, nasali namuwaza, pikipiki ikisimama nje nainuka. Kwa hiyo mkiona nimeruka kutoka hapa hadi pale, mjue ndiyo hali yangu.

Karakana yetu ilikuwa Igoma, kando ya barabara ya Musoma, banda la mabati lenye vumbi la mbao hadi kwenye sufuria ya chai. Mwenyewe alikuwa Mzee Masalu, Msukuma mwenye mabega mapana na sauti ndogo, ambaye kabla ya hapo alichonga vigoda na vijiko vikubwa vya ugali. Mimi ni Mhaya, ndoa ndiyo iliyonileta Mwanza, nikaingia pale kupiga msasa. Msasa ni kazi ya kujifunza, msiidharau. Ukipiga kwa kukata nyuzi za mti, unaacha mikwaruzo ambayo hutaiona mpaka rangi ikauke, na hapo ndipo kila mtu ataiona isipokuwa wewe. Mzee alikuwa akinifunga macho kwa kitambaa na kunipa kipande nikipapase. "Wakati wa kuangalia bado," alikuwa akisema. "Kwanza jua kinataka kwenda wapi."

Tulichonga sanamu za pango la Noeli, lile la kuonyesha kuzaliwa kwa Yesu. Mambo yalianza pale padri wa parokia yetu alipotaka mchungaji mmoja wa kuziba nafasi ya yule wa plasta aliyevunjika shingo. Alimletea Mzee picha ya kuiga, mchungaji wa Ulaya mwenye kanzu na nywele za mawimbi. Mzee aliiweka picha kando akachonga Msukuma mwenye blanketi begani, fimbo ndefu na kibuyu cha maziwa. Padri alicheka, kisha akampanga pamoja na wenzake. Krismasi ile watu walimsogelea kwa zamu, na baada ya misa kina mama wakaja hadi Igoma: na sisi tunamtaka huyo nyumbani.

Enzi zile vitu vilikuwa vya shida. Kupata kopo la rangi ilibidi umjue mtu anayemjua mtu. Familia isingeweza kununua pango zima kwa mkupuo, na sisi tusingeweza kulitengeneza. Ndipo ukaanza utaratibu wa mgeni. Kila nyumba ilichukua sanamu moja kwa mwaka, na kila mwaka tulitoa mgeni mpya ambaye hakuwahi kuonekana. Tulimtoa mvuvi mwenye sato mkononi. Tulimtoa mama mwenye kapu la pamba kichwani. Tulimtoa Mhaya anayesukuma baiskeli yenye mkungu wa ndizi, na huyo nilimpigania mimi mpaka Mzee akasalimu amri. Mgeni alikuwa siri ya karakana mpaka Majilio, zile Jumapili nne kabla ya Noeli, na watu walitubembeleza tuwadokeze. Ukimkosa wa mwaka fulani ulimtafuta kwa wengine, na kwenye uwanja wa kanisa ungesikia, "Nina wavuvi wawili, nani ana mama wa pamba wa ziada?" Hayo ndiyo mnayoyakusanya leo.

Mwaka tuliotoa mkunga, mzee mmoja wa kanisa alikuja juu. "Kwenye Injili kuna mkunga wapi?" Kabla Mzee Masalu hajafungua mdomo, mama mmoja muuza dagaa akamjibu, "Na wewe umewahi kuzaa zizini?" Mkunga akapita bila kupingwa tena.

Sasa shikeni jambo hili moja, kwa sababu bila hilo hamtaelewa yanayofuata. Mgeni hakuingia pangoni siku aliyoletwa. Jumapili ya kwanza ya Majilio aliwekwa dirishani, kama mtu anayeonekana kwa mbali. Jumapili ya pili alisogezwa hadi kabatini. Ya tatu, kwenye ukingo wa meza yenye pango. Ya nne, mlangoni mwa pango lenyewe. Mkesha wa Noeli ndipo alipoingia, akifuatwa na Mtoto, ambaye alilazwa mwisho kabisa. Watoto waligombana nani amsogeze. Kwa wangu mimi, Respi ndiye aliyekuwa akimsogeza mgeni kabla ya siku, kwa siri, kwa sababu alimwonea huruma kusimama dirishani.

Tatizo letu kubwa lilikuwa mvua. Noeli huku kwetu huja na vuli, na mti haukauki. Mafundi wenye busara hukata magogo kiangazi. Sisi tulikuwa na busara hiyo, ila pesa ya kununua magogo ilikuja na wateja, na wateja walikuja na mvua. Tulitumia mjohoro, mti mzuri lakini wenye hasira. Ukilikata gogo, siku hiyo hiyo paka vichwa vyake nta, na kama huna nta paka kinyesi cha ng'ombe, ili maji yasitoke kwa haraka na kulipasua. Ukitaka kujua kama kipande kimekauka, kiguse shavuni. Kikiwa cha baridi, bado kina maji. Na msipake vanishi juu ya mti mbichi hata kama mteja amekaa mlangoni analia, kwa sababu mtakuwa mmeyafungia maji ndani, nayo yatatafuta pa kutokea. Sisi tulitumia rangi ya viatu ya kahawia, tukaisugua kwa kitambaa cha pamba. Inang'aa vizuri na inauacha mti upumue.

Mwaka mmoja mvua zilizidi, na mimi ndiye niliyetoa wazo la kukausha wachungaji kwenye tanuri la kukaushia samaki, kule Igombe, mwaloni wanakoshushia samaki. Mwenye tanuri alikubali kutuwekea sanamu kwenye waya wa juu, sangara wake wakiwa waya wa chini. Zilitoka kavu kama biskuti na rangi nzuri ya asali. Tulijisifu njia nzima. Zikapelekwa parokiani. Jumapili ya Noeli, wakati wa mahubiri, paka wa parokia alipita katikati ya kanisa akiwa amembeba mchungaji kwa shingo, taratibu, na nyuma yake paka mwingine ambaye hatukujua ametoka wapi. Padri aliwafuata kwa macho hadi mlangoni. Kisha akasema kwamba wachungaji waliacha kila kitu wakaenda, ingawa Maandiko hayasemi walibebwa. Kwaya haikuweza kuimba tena siku ile. Mimi nilijificha nyuma ya mama mnene wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, mpaka misa ikaisha.

Ndipo soko likafunguliwa, miaka ile ya tisini, na mambo yakaja yote kwa pamoja. Maduka ya mjini ambayo tuliyazoea yakiwa na rafu tupu yakajaa vitu mpaka barazani. Yalikuja mapango ya plastiki, boksi moja lina kila kitu: Maria, Yosefu, mamajusi, kondoo, Mtoto na nyota ya betri inayoimba. Unanunua mchana, jioni umemaliza. Mgeni wa nini tena? Vijana wawili waliokuwa wakichonga nasi wakaenda kwenye viwanda vya minofu ya samaki, na siwalaumu, maana kule walilipwa kila mwisho wa mwezi. Mzee alileta boksi moja karakana akamgeuza mchungaji nyuma. "Mnamwona? Hana mgongo. Wamemtengeneza upande wa mbele tu." Nilicheka pamoja naye, lakini nyumbani nilikuwa nakaa na kuhesabu watoto wangu na chakula chao. Kila asubuhi nilifika nikiogopa kukuta banda limefungwa.

Katika hali hiyo ndipo alipokuja Mama Faustine.

Alikuwa mkulima wa mpunga wa Magu, mteja wetu tangu mchungaji wa kwanza. Hakuwahi kukosa mgeni hata mmoja. Siku hiyo aliingia banda likiwa linavuja, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mpunga unasemaje?"

"Mpunga mzima. Baba, mwaka huu nataka mgeni wangu peke yangu."

Alitoa kwenye khanga picha iliyofungwa kwa karatasi ya nailoni. Kijana mwenye shati la Jumapili, macho makubwa, pua fupi. Ilikuwa ya Faustine, mwanawe wa pekee. Alikuwa amekwenda upande wa Geita, kwenye machimbo ya dhahabu, kama walivyokwenda vijana wengi wakati ule bila kuaga vizuri. Misimu miwili ya mvua ilikuwa imepita. Hakuna barua, hakuna mtu aliyekuja na salamu.

"Nichongee mchimbaji," akasema Mama Faustine. "Koleo begani, tochi kichwani. Na uso uwe huu. Nataka Krismasi hii awepo nyumbani."

Nilifikiri Mzee angekubali papo hapo. Kazi ilikuwa haba na mama alikuwa na uchungu. Lakini alikaa na ile picha, akaisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali, akamrudishia.

"Mchimbaji nitakuchongea. Uso sitauweka."

"Kwa nini, baba? Unaona amekufa?"

"Ningeona amekufa ningeuweka. Aliyekufa ndiye anayewekewa sura, ili tusimsahau. Huyu wako yuko njiani. Nikikupa uso wa mti, moyo wako utauzoea huo, na siku mwenyewe akibisha hodi utamwona mgeni. Akifika mlete. Atakaa pale kwenye kigoda, na uso wake nitauweka mbele ya macho yako."

Mama Faustine alilia, lakini hakubishana. Alipoondoka nilimkasirikia Mzee waziwazi. Nilimwambia amemnyima mama wa watu kitu kidogo tu. Alikuwa anatafuta patasi iliyokuwa mbele yake, na mkono wake uliipita mara mbili kabla ya kuigusa. Hapo ndipo nilipojua kwamba macho ya Mzee yameanza kwenda. Tangu siku hiyo nikawa na hofu mbili badala ya moja: kwamba kijana hatarudi, na kwamba akirudi atakuta mwenye ahadi haoni.

Mchimbaji wa kwanza alipasuka. Nilifika asubuhi nikamkuta ana ufa kutoka begani hadi kiunoni, mpana wa kuingiza ukucha. Nikajua Mama Faustine akiuona atasema ndiyo habari aliyokuwa akiisubiri. Mzee alimtupa kwenye kuni. "Mti umepasuka kwa sababu una maji," akasema. "Usiniletee mambo mengine." Alisema hivyo, lakini chai yake hakuinywa.

Kwa wa pili tuliona hatuna njia isipokuwa tanuri la Igombe. Safari hii nilikwenda mwenyewe. Nilimfunga mchimbaji kwa magunia, nikamwomba mwenye tanuri anipe siku ambayo hakuna samaki, nikatumia makaa ya chini tu, nikakaa pale nimegusa ukuta wa tanuri kwa kiganja ili moto usizidi. Alitoka mzima. Lakini tanuri lile lilikuwa limekula moshi wa sangara miaka mingi, na harufu ikamwingia. Nilimsugua kwa majani ya limau, kwa sabuni, kwa rangi ya viatu. Haikutoka. Mzee alichonga koleo na tochi, na pale penye uso akaacha palaini, pameinama kidogo, nikapapiga msasa mpaka pakawa kama yai.

Mama Faustine alipokuja kumchukua alimnusa.

"Ananukia sangara," akasema. Kisha akatabasamu, mara ya kwanza tangu mambo yale yaanze. "Basi ndiye. Alikuwa hali mboga nyingine."

Majilio yale alimsogeza mgeni wake kama kawaida, dirishani, kabatini, ukingo wa meza. Hapo akamwacha. Hakumfikisha mlangoni mwa pango wala hakumwingiza mkesha. Sikukuu zikaisha, pango likafungwa kwenye sanduku, mchimbaji akabaki pale ukingoni mwa meza mwaka mzima, sahani zikiwekwa kando yake. Mwaka uliofuata akamrudisha dirishani, akaanza upya.

Na yeye mwenyewe hakukaa nyumbani. Alianza kuleta mchele wake mpaka Nyegezi, akauza kando ya barabara pale yanapopita mabasi kutoka kivuko cha Kigongo, ng'ambo ambako ndiko iliko Geita. Igoma na Buzuruga kulikuwa na wanunuzi zaidi na ni karibu zaidi na Magu, kila mtu alimwambia hivyo. Nilipita siku moja nikamkuta. Mteja alikuwa anapima mchele, naye alikuwa anatazama juu ya kichwa cha mteja, watu wakishuka mmoja mmoja. Basi lilipokwisha kushusha, akashusha macho na kuendelea na biashara. Nilimsalimia nikaondoka haraka, kwa sababu nilikuwa nataka kulia.

Kuna siku ilikuja habari kwamba shimo limefunika watu kule machimboni. Hakuna aliyejua ni shimo lipi wala ni watu gani. Mama Faustine alikuja karakana moja kwa moja kutoka kwenye basi. Nilidhani anataka kukaa na watu. Hakukaa. Alinivuta nje.

"Mama Justa, niambie kweli. Mzee bado anaona?"

"Anaona."

"Uso anaona?"

"Anaona," nikasema. Wiki ile ile Mzee alikuwa amenikabidhi kisu kidogo cha nyuso, kwa sababu alikuwa amemwekea majusi mmoja pua mbili. Tulikuwa tumecheka sana juu ya majusi yule, na tulipomaliza kucheka Mzee akanisogezea na jiwe la kunolea.

Alinifundisha nyuso kwa kunishika mkono. Uso huanza na pua, vijana. Ukianza na macho umekwisha, maana macho yatakuwa hayana mahali pa kukaa. Pua, kisha paji, kisha kidevu, mdomo, na macho mwisho, kwa mikato miwili isiyozidi. Nilimwuliza itakuwaje Faustine akija. "Utauweka wewe." Nikamwambia siwezi, ahadi ni yake. "Ahadi ni ya karakana," akasema. Nilichukia kusikia hivyo. Nilitaka aone yeye.

Faustine alikuja wakati wa mavuno ya mpunga, mchana, banda likiwa na joto. Nilisikia hodi nikamwona Mama Faustine mlangoni na nyuma yake mwanamume mwembamba anayechechemea, ndevu hazijanyolewa, shati limemzidi mabega. Sikumtambua. Ndiyo, picha niliijua kwa moyo, na bado sikumtambua. Kisha akainama kupita chini ya bati, nikaiona ile pua.

"Shikamoo babu," akasema. Sauti ilikuwa nzito ya mtu ambaye hajazungumza na watu wazima kwa heshima muda mrefu.

"Marahaba. Ulikuwa wapi?"

"Huko huko, babu. Sikupata kitu. Nikasema nisubiri nipate cha kurudi nacho."

"Ukapata?"

"Nilipata mguu huu."

Mama Faustine alimtoa mchimbaji kwenye khanga akamweka juu ya meza ya kazi. Mzee akanyoosha kidole kuelekea kigoda, Faustine akakaa, nami nikachukua kisu kidogo. Niliuegemeza mkono kwenye meza. Nilimtazama kijana, nikaitazama pua, nikaweka ncha ya kisu kwenye mti. Mkono wa Mama Faustine ukaja ukafunika sanamu.

"Acha, Mama Justa."

"Nimekosea?"

"Hujakosea. Uso wake ninao mezani, unakula. Wa mti wa nini tena?" Akamgeukia Mzee. "Baba, sikumleta kwa ajili ya uso. Nimemleta umwone kabla macho hayajaisha."

Kumbe alijua. Siku zote zile nilizomdanganya alikuwa anajua. Mzee aliinuka akamshika Faustine mkono, akamtoa mpaka mlangoni kwenye mwanga, akamgeuza huku na huku kwa kidevu kama anayechagua mti. Alichukua muda wake.

"Pua ni ya mama yako," akasema mwishoni. "Ile picha ilikuwa imeipunguza."

Jioni ile Mama Faustine hakurudi na mchimbaji nyumbani. Alimpitisha kwa jirani yake pale Magu, mama aliyekuwa na binti aliyekwenda Dar na kunyamaza. Alimpa sharti moja tu: binti akirudi, mgeni asibaki, apelekwe kwenye nyumba nyingine inayosubiri. Hauzwi, na hawekewi uso. Tangu hapo tulikuwa tunasikia habari zake. Yuko Misungwi. Yuko Sengerema kwa mama wa mvuvi. Nyumba nyingine alikaa miezi, nyingine alikaa mpaka mama mwenyewe akazikwa, na mtoto hakurudi. Hayo nayo nawaambia, sitaki mfikiri sanamu ile inarudisha watu. Ni mti wa mjohoro unaonuka samaki. Inachofanya ni kumpa mtu kitu cha kusogeza.

Mzee Masalu alipofariki hatukutoa tena mgeni wa mwaka. Mimi nilimalizia miaka yangu nikipiga msasa viti na vitanda kwa fundi mwingine pale pale Igoma, mpaka mikono ikakataa. Sanamu nyingi mnazozipiga picha leo ni za wakati ule wa mwisho, na mkiona moja yenye pua mbili, iacheni kwa mwenyewe.

Mwezi uliopita nilisikia hodi, nikainuka haraka kama ninavyoinuka siku hizi. Alikuwa mwanamume mwenye mvi, anachechemea, ameshika kifurushi cha khanga. Safari hii nilimtambua kabla hajainama mlangoni.

"Shikamoo Mama Justa. Nimesikia habari za Respi."

Sikumwuliza amezisikia kwa nani. Niliona umbo la kifurushi nikajua. Miaka yote nilikuwa nasikia mgeni yuko kwa fulani na fulani, na nilikuwa nawaonea huruma. Sikuwahi kufikiri njia yake inapita kwangu. Nilitaka kumwambia airudishe, kwamba mimi sijafika huko, kwamba simu imeharibika tu, vijana ndivyo walivyo. Faustine aliiweka mezani, akasema ameichukua kwenye nyumba isiyosubiri mtu tena. Ile harufu bado ipo. Imefifia, lakini ipo.

Nilimpikia ugali na sangara. Alikula vizuri, akaongeza, akanisimulia habari za wajukuu wa marehemu mama yake. Nilimtazama anavyotafuna. Nililia mbele yake bila aibu, naye akaendelea kula, kwa sababu alijua kwamba hicho ndicho nilichokuwa nahitaji kukiona.

Sasa mnajua. Leo ni Jumapili ya pili ya Majilio. Nimemtoa mgeni dirishani nikamweka kabatini, kwa hiyo mkija wiki hii hamtamkuta mlipomzoea. Wewe kijana wa Nyegezi, njoo, sina kinyongo, nitakuonyesha jinsi ya kuanza pua kwenye kipande kingine.

Na wewe uliyekuwa unamsogeza kabla ya siku ukidhani sikuoni: niliona. Kama ni kweli vijana wanasoma vitu hivi kwenye simu popote walipo, basi na wewe huenda unasoma. Sihitaji urudi na kitu. Namba yangu ni ile ile, Respi. Njoo ule.